Marigodi: kabla ya kununua homoni, konyoa kilele

Mkulima wa India anayelima marigodi kwa ajili ya Diwali huanza na swali moja: maua yatafunguka lini? Sikukuu ikipita, bei imepita nayo. Ndiyo maana ushauri wa kukonyoa kilele cha mmea, siku 30 hadi 40 baada ya kuhamisha miche shambani, huwatia wengi wasiwasi. Tumba la kwanza liko karibu kutokea, nawe unaambiwa uliondoe.

Wasiwasi huo una msingi. Mmea uliokonyolewa huchelewa kuchanua, kwa kuwa matawi ya pembeni lazima yakue kwanza. Lakini ucheleweshaji huu unajulikana mapema, na tarehe ya Diwali, ingawa huhama kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, imo kwenye kalenda. Anayetaka kukonyoa awahi kitaluni.

Anachopata ni kikubwa. Kilele hutengeneza auksini, homoni ya mmea wenyewe, nayo hushuka shinani na kuvizuia vichipukizi vilivyo kwapani mwa majani. Kiondoe, navyo vinaamka. Mmea hutanuka, na kila tawi huishia kwenye ua lake. Maua hayo huwa madogo kidogo kuliko lile la kileleni, na hiyo ni hasara kwa anayeuza ua moja moja. Kwa wanaopeleka kilo kwa kilo na mashada yaliyotungwa pale Mullick Ghat, soko la maua la Kolkata, wingi ndio pesa.

Gharama yake ni mikono. Miche ikipandwa sentimita 40 kwa 40, ekari moja hubeba takriban 25,000. Tuseme kila mmoja unachukua sekunde 10: ni saa 70 hivi, kazi ya watu tisa kwa siku moja. Si kidogo. Ila ni siku moja katika msimu mzima, bila kununua chochote, na mtoto wa mkulima amekwisha kuijua kazi hiyo kwa kutazama tu.

Homoni za dukani, za kunyunyizia mimea, nazo zina sifa zao. Jibereli hurefusha mashina na inaweza kuwahisha maua, yaani kufidia zile siku zilizopotea. Tatizo ni kipimo. Dozi ya ppm 100 (sehemu 100 kwa milioni) ni gramu 1 kwa lita 10 za maji, na unga wenyewe huyeyushwa kwanza kwenye spiriti kidogo. Wangapi wana mzani wa kupima gramu moja? Ukizidisha, mmea unarefuka na kulegea. Maleiki haidrazaidi, kemikali ya kuzuia ukuaji, ndiyo inayonishangaza zaidi: hununuliwa ili ikomeshe ukuaji wa kilele, kazi ambayo kidole gumba na cha shahada wanaiweza.

Marigodi fupi za Kifaransa hutawanya matawi zenyewe, hivyo ziache. Hizi ndefu, konyoa. Mwenye mzani na anayebanwa na tarehe ndiye wa kunyunyiza jibereli, tena juu ya shamba lililokwisha kukonyolewa.