Gunia linavimba shambani, sado inanywea sokoni

Jumamosi asubuhi soko letu hapa Ngamiani, Tanga, linapendeza. Mafuso ya Lushoto yameshashusha, karoti bado zina udongo wa milimani, machungwa ya Muheza yamemwagwa kwenye turubai, na mama wa viungo ameshapanga iliki na mdalasini wake wa Amani. Nalipenda soko hili. Lakini juzi nimetoka pale na hasira ambayo haijaniisha.

Kulikuwa na mzee wa Kisambaa aliyepewa lifti na mnunuzi wa viazi vyake, anakuja mjini kumwona binti yake. Akawa anatazama makuli wanavyohangaika na gunia lake, juu limeshonewa nyongeza ya wavu mpaka limeota mabega. Nikamuuliza, "Mgosi, hili wamekulipa gunia ngapi?"

"Moja, mwanangu. Ukikataa kujaza, anakwenda kununua kwa jirani."

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi namna hii, imepigwa marufuku. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na hakuna mfanyabiashara asiyelijua hilo. Hata hivyo zinateremka Mombo mchana kweupe, zinapita vizuizi vyote vya ushuru, zinafika Tanga. Mkulima amenunua mbegu na mbolea, amelipa vibarua, halafu nyongeza yote ile anaitoa bure kwa sababu viazi haviwezi kumsubiri shambani.

Sasa fuata viazi hivyohivyo vikishafika mezani. Vinauzwa kwa sado, lile kopo la kupimia, na ile niliyopimiwa mimi kitako chake kimegongwa kwa ndani hadi kimepanda. Sado ni lita 4, tano zinajaza debe. Hii niliyoishika haifiki. Kwa hiyo anayenunua shambani anapokea zaidi ya alicholipia, anayekula mjini anapata pungufu ya alicholipia, na tofauti yote inabaki katikati.

Najua wachuuzi nao wana yao. Nyanya zinaoza, mafuta ya gari ni ghali, mvua ikikaza barabara ya Lushoto si ya kuchezea. Sawa, basi waongeze bei waziwazi, tujue tunalipia nini. Kugonga kopo kwa nyundo si gharama ya usafiri.

Na tusiambiwe kwamba mizani haiwezekani vijijini. Katika milima hiyohiyo ya Usambara, majani mabichi ya chai yanapimwa kwa kilo. Korosho na ufuta vinapimwa kwa kilo. Mkulima wa chai anajua amepeleka kilo ngapi, jirani yake wa karoti anakadiriwa kwa macho na mtu anayetaka kumlalia. Kwa nini? Mboga si zao?

Makuli sijawagusa, ila migongo yao ndiyo inayobeba hizo lumbesa kila alfajiri.

Ushuru wa soko unakusanywa kila siku. Iwekwe mizani pale magari yanaposhushia, na sado zilizobonyezwa zikusanywe. Sisi wanunuzi tuanze kudai kilo, hata muuzaji akinuna. Na huko shambani asiruhusiwe mtu kupakia kabla hajapima. Mizani ya kuning'iniza inabebeka hata kwa bodaboda, anayepandisha fuso zima hadi milimani hashindwi kuwa nayo.