Hakukuwa na mamba

Kabla hamjaendelea kunitumia pole, nyie: hakukuwa na mamba. Mamba kamwongeza jamaa yangu niliyekwenda naye Mkindo, kule Mvomero, alipowasimulia nilivyoanguka. Kaona mtu mzima kuangushwa na kereng'ende haina chumvi.

Ni kweli nilikuwa kwenye majaruba ya mpunga toka saa moja asubuhi na kamera yangu ya zumu (deni bado, msiniulize). Asubuhi kwa sababu mdudu huyu akishapata jua hashikiki. Nikasinzia, nikaamka, nikasinzia tena kando ya tuta, mpaka saa tano nina picha mia mbili za majani matupu. Ndipo akatua mmoja kwenye kijiti, mwekundu kama pilipili. Akaruka. Sikumfuata, maana wa aina hii hupenda kurudi palepale. Akarudi, akabinua mkia juu kuelekea jua. Ndivyo wanavyokwepa joto, si maringo.

Nikavuta zumu mpaka mwisho. Ukungu mtupu, nilikuwa karibu mno. Jicho kwenye kamera, nikarudi nyuma hatua moja. Bado. Hatua ya pili: mishipa ya mabawa hiyo, na kile kidoa cheusi karibu na ncha. Nikajiambia, nusu hatua tu.

Mguu ukashuka. Ukaendelea kushuka. Nikapata hata nafasi ya kujiuliza mbona ardhi inachelewa. Kisha tope likanyonya ndala, maji ya mfereji yakapanda gotini, kiunoni, mfukoni kwenye simu (ndiyo maana sijajibu meseji zenu), kifuani. Nimeinua kamera kwa mikono miwili, kidole hakijaachia kitufe: tatatatata! Mawingu yote ya Mvomero ninayo.

Kimya. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akaja pole pole.

"Baba, umedondosha nini humo?"

"Kereng'ende, mama."

Akawageukia wenzake. "Anasema kadondosha kereng'ende."

Wewe unayecheka sasa hivi hujawafikia wale. Walicheka mpaka ndege wa mpunga wakahama shamba.

Nikavutwa, ndala moja ikabaki, bodaboda akanitoza nauli ya tope. Kamera nzima.

Picha kali ya siku ile kapiga jamaa, kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka: mimi majini mpaka kifuani, na juu ya kofia yangu katua yule mwekundu, mkia juu. Mishipa ya mabawa unaihesabu.