"Impossible" ya 1957 na "Impossible" ya 1997: kwa nini naichagua ya pili

Tamthilia ya muziki ya Cinderella, ambayo Richard Rodgers na Oscar Hammerstein waliiandika kwa ajili ya televisheni, imetengenezwa mara tatu nchini Marekani: mwaka 1957 na 1965 kwa kituo cha CBS, kisha mwaka 1997 kwa ABC. Wengi wanaolinganisha matoleo hayo huanza na mavazi na mandhari. Mimi naona tofauti kubwa imo katika wimbo mmoja, "Impossible", ambao mlezi mwenye nguvu za ajabu humwimbia Cinderella usiku alioachwa nyumbani wenzake wakienda kwenye dansa la kasri.

Ufundi wa mashairi ya Hammerstein ni kwamba yanajipinga yenyewe. Mlezi anaanza kwa kukana: haiwezekani boga la manjano likageuka gari la dhahabu, wala msichana wa shamba akaolewa na mwana wa mfalme. Kisha anasema kwamba dunia imejaa wapumbavu wasiosikia maneno ya wenye busara, na kwa kuwa wapumbavu hao hawaachi kutumaini, mambo yasiyowezekana hutokea kila siku. Boga likishageuka, ukanushi wote unapinduliwa na wawili hao wanaimba kwamba inawezekana. Kila mwimbaji hana budi kuamua uzito auweke wapi, kwenye ukanushi au kwenye mapinduzi hayo.

Edie Adams, mlezi wa mwaka 1957, aliuweka kwenye ukanushi. Alikuwa mchekeshaji mwenye sauti iliyofunzwa vizuri, na anaimba karibu na kusema, kila silabi ikisikika, kama shangazi anayemchokoza binti hadi binti mwenyewe aanze kubisha. Julie Andrews, aliyeigiza Cinderella akiwa na umri wa miaka 21, anamjibu kwa sauti safi isiyo na mapambo. Mchezo ulirushwa mubashara Machi 31 kutoka studio moja ya New York, kwa watazamaji waliokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 100, na mazingaombwe yaliyowezekana humo yalikuwa machache, hivyo maneno ndiyo yaliyobeba mzigo. Rangi za usiku ule hazikuhifadhiwa. Tulichobakiwa nacho ni nakala ya filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, na hata upungufu huo unatufanya tusikilize mashairi kwa makini zaidi.

Toleo la 1965, Celeste Holm akiwa mlezi, halikuniongezea jambo jipya katika wimbo huu.

La 1997 ni habari nyingine kabisa. Mchezo wenyewe unafunguliwa na Whitney Houston, ambaye ndiye mlezi, akiimba sehemu ya "Impossible", kwa hiyo tunapofika kwenye tukio la boga tumeshausikia wimbo kama ahadi. Houston alikulia katika kwaya ya kanisa la New Hope Baptist huko Newark, na hapa anaimba kama kiongozi wa kwaya: anatoa mstari, anauinua, anaupamba, kisha anamwachia nafasi anayemwitikia. Anayemwitikia ni mwimbaji Brandy katika nafasi ya Cinderella, binti wa miaka 18 mwenye nywele za misuko, ambaye sauti yake ya chini na laini haishindani na ya Houston bali inajifunza ujasiri kutoka kwake, mpaka wimbo unapogeuka nao wanaimba kwa furaha moja. Mwanamke mweusi anamwambia msichana mweusi kwamba wenye busara wamesema haiwezekani, na watazamaji wapatao milioni 60 hawakuhitaji kuelezwa wenye busara hao ni akina nani. Mashairi ya Hammerstein, aliyefariki mwaka 1960, yalikuwa na nafasi ya maana hiyo tangu mwanzo, lakini hakuna aliyekuwa ameijaza.

Wanaoipenda ya 1957 wana hoja, nami naiheshimu. Utani wa Adams umepotea, na baadhi ya vina vya haraka vinamezwa na ngoma na mapambo ya sauti. Hata hivyo, utani ule unapendeza mara ya kwanza na ya pili tu, ilhali ule mwitikio wa Houston na Brandy unanigusa upya kila ninapousikia.

Kinachonisikitisha ni kwamba nyimbo za 1957 zilitolewa kwenye santuri, ilhali za 1997 hazikupata albamu, kwa kuwa Houston na Brandy walikuwa na mikataba na makampuni tofauti ya kurekodi. Mchezo wenyewe umepatikana kwenye Disney+, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, tangu mwaka 2021. Wenye haki za rekodi hizo bado wanaweza kukubaliana, na wangefanya hivyo ningekuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza.