Sifuri ya Mayweather, vipigo vya Pacquiao na ngumi za ugenini

Jumapili ya tarehe 3 Mei 2015, kama saa moja asubuhi, banda umiza moja la Kirumba, Mwanza, lilijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Kule Las Vegas ilikuwa bado Jumamosi usiku, na mabondia Floyd Mayweather wa Marekani na Manny Pacquiao wa Ufilipino walikuwa wanaingia ulingoni baada ya dunia kuwasubiri miaka zaidi ya mitano. Raundi 12 zikaisha hakuna aliyeanguka. Majaji wakampa Mayweather: 118-110, 116-112, 116-112. Mzee mmoja muuza dagaa, aliyekuwa amemwachia mwanawe magunia pale mwaloni, akasimama, akajikung'uta, akasema: "Yaani nimeacha biashara nije kumwangalia mtu anakimbia?" Kijana wa bodaboda aliyekaa nyuma yake akamjibu papo hapo: "Mzee wangu, kama yeye ndiye anakimbia, mbona aliyepigwa ni mwenzake?"

Ubishi ule bado naukuta vijiweni, kahawa ikiwa ya moto na kete za drafti zimesimama. Nani bondia bora wa miongo hii ya karibuni? Watu hutaja majina kumi, lakini ukisikiliza vizuri utagundua kwamba hawabishani juu ya majina. Wanabishana juu ya mizani. Mmoja anapima kwa kuhesabu mara ulizopoteza, mwingine anapima kwa kuangalia uliopigana nao na ulichothubutu.

Nianze na kijana wa bodaboda, kwa sababu vijiweni huwa hatendewi haki. Mayweather alimaliza ngumi za kulipwa akiwa na mapambano 50, ushindi 50, vipigo sifuri, na 27 kati ya hizo kwa KO, yaani kummaliza mpinzani kabla ya muda. Wapo wanaosema alichagua vibonde. Wamtazame Diego Corrales, Januari 2001: bondia mrefu, mwenye ngumi nzito, hajawahi kupoteza. Mayweather alimwangusha mara tano mpaka kona yake ikasalimu amri. Ricky Hatton naye alikuja 2007 akiwa hajapoteza, akaondoka amelala kwenye raundi ya 10. Canelo Alvarez alikuja 2013 hajapoteza, akafundishwa somo la raundi 12, ingawa jaji mmoja aliandika sare ya 114-114, na mpaka leo hakuna aliyenieleza yule mama alikuwa anaangalia pambano gani.

Na kile tunachokiita kukimbia kina ufundi wake. Mayweather alishusha mkono wa kushoto tumboni, akaficha kidevu nyuma ya bega, ngumi ya mpinzani ikaja ikateleza begani kama maji kwenye mgongo wa bata. Kabla mwenzake hajarudisha mkono, wa kulia wa Mayweather umeshafika usoni. Raundi tatu au nne za mwanzo alikuwa anasoma, zilizobaki anatoza. Siku ile ya Pacquiao, waliohesabu ngumi walipata 148 za Mayweather zilizofika dhidi ya 81 za Pacquiao, na wote wawili walirusha karibu sawa, 435 kwa 429. Kwa hiyo hakuna aliyekimbia kazi. Mmoja alikuwa anapiga mtu, mwingine anapiga hewa.

Hoja ya kijana ni nzito, basi. Lakini mzee wa dagaa naye ana yake, na anaianza mbali.

Pacquiao alichukua mkanda wake wa kwanza wa dunia Desemba 1998 nchini Thailand, akimpiga Mthailand Chatchai Sasakul kwao, kwenye uzito usiofika kilo 51. Mwaka 2001 aliitwa Marekani zikiwa zimebaki wiki mbili tu, azibe pengo dhidi ya bingwa wa dunia kutoka Afrika Kusini, Lehlo Ledwaba. Hakuna Mmarekani aliyemjua. Akamchakaza. Kutoka hapo akapanda uzito baada ya uzito: Barrera, Morales, Marquez, kisha De La Hoya aliyemzidi urefu, Hatton aliyelazwa raundi ya pili, Cotto, Margarito. Mikanda ya dunia katika uzito nane tofauti. Hakuna mwingine aliyefika hapo.

Vipigo vinane vimo humo njiani, na mzee havifichi. Kimoja kilikuwa cha Marquez, Desemba 2012, ngumi moja ya kulia iliyomwacha Pacquiao kifudifudi mpaka tukadhani amekufa. Kingine, cha Bradley mwaka huohuo, wengi tuliokiangalia hatukukielewa. Kingine cha Jeff Horn, 2017, kilitokea Brisbane, nyumbani kwa Horn, mbele ya watu wa Horn. Halafu mwaka 2019, akiwa na miaka 40, akamwangusha na kumshinda Keith Thurman aliyekuwa hajapoteza. Mzee hapa hupiga meza: "Mtu anaanguka hivyo halafu anarudi, utamlinganisha na asiyejua sakafu ya ulingo ina ladha gani?"

Hapa kijana hucheka, kwa sababu anaijua siri ya mizani. Uzito wa nane wa Pacquiao, ule wa kilo karibu 70 dhidi ya Margarito mwaka 2010, mkataba ulisema wapigane kwa kilo 68, na Pacquiao mwenyewe alipima chini ya kilo 66. Mkanda wa Cotto nao uligombewa chini ya uzito wake halali. Kijana yuko sahihi kabisa. Ila Canelo naye alilazimishwa kushuka chini ya uzito wake ili apigane na Mayweather, na alikuwa kijana wa miaka 23. Wote wawili walichezea mizani, kama wachuuzi wawili wa soko moja.

Kuhusu ile miaka mitano ya kusubiri, sina nguvu za kuirudia. Upande wa Mayweather ulidai vipimo vya damu vya kushtukiza, vya kusaka dawa haramu za kuongeza nguvu, upande wa Pacquiao ukagoma kutolewa damu karibu na pambano, na maneno mengi yakasemwa. Walipokutana mmoja alikuwa na miaka 38, mwingine 36. Tuliuziwa sangara wa juzi.

Sisi Wasukuma tuna namna yetu ya zamani ya kumaliza ubishi wa aina hii. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo husimuliwa kuwa vilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, vilipobishana dawa ya nani ina nguvu, havikuita majaji watatu. Vilicheza ngoma kwa wakati mmoja, uwanja kwa uwanja, na watazamaji wakaachiwa miguu yao. Umati ukikuhama kwenda upande wa pili, wewe umeshindwa, hata kama uliruka juu zaidi. Ukienda Bujora, pale Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi wa sita, bado utaona mtu akitoka jasho huku jicho moja likihesabu kina nani wanaondoka.

Kwa kipimo hicho ungetegemea Pacquiao ashinde, maana ndiye kipenzi cha watu. Lakini pambano lao liliuzwa kwenye nyumba milioni 4.6 huko Marekani, rekodi, na mvutaji mkuu wa umati ule alikuwa Mayweather. Tatizo ni kwamba nusu yao walilipa ili wamwone akipigwa. Ngoma haiulizi kwa nini umekuja uwanjani kwangu, inahesabu vichwa tu. Ndiyo maana kwenye masumbwi siuamini umati peke yake, ingawa mimi mwenyewe nimekulia kwenye vumbi la ngoma yetu ya Bugobogobo.

Sifuri nayo siiamini sana, na aliyenitoa imani ni mtu wa ng'ambo ya ziwa letu. John Mugabi wa Uganda, waliyemwita Mnyama, alichukua medali ya fedha Moscow 1980, akageukia ngumi za kulipwa, akapigana mara 25, na wote 25 akawamaliza kwa KO. Hakuna jaji aliyewahi kupata kazi mbele yake. Waulize sasa wapenzi wa ngumi wakutajie watatu kati ya wale 25. Watakaa kimya. Wanachokumbuka ni Machi 1986, Las Vegas, alipokutana na Marvin Hagler, wakachinjana mpaka raundi ya 11 Mugabi akalala. Kipigo kile kimoja kilimtambulisha duniani kuliko ushindi wote 25. Baadaye alipata mkanda wa dunia, mwaka 1989, na hata huo watu wanausahau. Wanamzungumzia Hagler.

Roy Jones ni mfano wa upande wa pili, nimtaje haraka. Machi 2003, akiwa bingwa wa zamani wa uzito wa kati, alipanda mpaka uzito wa juu akamshinda John Ruiz. Angeacha siku ile, leo tusingekuwa na ubishi. Hakuacha. Tarver akamlaza 2004, Glen Johnson akamlaza mwaka huohuo, naye akaendelea kupanda ulingoni miaka mingi baadaye. Mayweather alijua saa ya kutoka, na hilo nalo ni ufundi ambao hatuupi pointi.

Sasa nieleze mizani yangu mimi. Inatokana na ngumi za hapa kwetu, ambako kila mpenzi anajua siri moja: bondia wa nyumbani asipoangushwa, hashindwi kwa pointi kirahisi. Promota ni wa kwao, mashabiki ni wa kwao, na majaji wana nauli ya kurudi salama. Ndiyo sababu Hassan Mwakinyo wa Tanga alitushtua Septemba 2018. Alikwenda Birmingham, mji wa Sam Eggington mwenyewe, akaitwa dakika za mwisho kama kuku wa kuchinjwa, akamaliza kazi raundi ya pili. Tulipiga kelele kwa sababu ilikuwa ugenini. Ushindi uleule Dar es Salaam tungeusikia redioni tukaendelea na chai. Na aliporudi Uingereza 2022 akasimamishwa raundi ya nne na Liam Smith pale Liverpool, tulijua pia tumepimwa kwa haki, ingawa iliuma.

Kwa mizani hiyo, jina langu ni Oleksandr Usyk wa Ukraine. Mkanda wake wa kwanza wa dunia, 2016, aliufuata Poland kwa Mpolandi Glowacki. Akampiga Marco Huck Berlin, Mairis Briedis mjini Riga kwa Walatvia wenzake, Murat Gassiev mjini Moscow, Tony Bellew mjini Manchester. Mikanda yote minne ya uzito wake aliikusanya kwa mabegi mkononi. Akapanda uzito wa juu, akamfuata Anthony Joshua London 2021 na kumpokonya mikanda mbele ya watu wake. Mei 2024 akampiga Tyson Fury, aliyemzidi urefu na kilo nyingi, akarudia Desemba. Julai 2025 akaenda Wembley akamlaza Daniel Dubois raundi ya tano. Tangu awe bingwa hajapigana nyumbani hata mara moja. Mayweather, kwa upande wake, tangu Aprili 2006 alipompiga Zab Judah mpaka anastaafu, hakutoka Las Vegas, na maisha yake yote ya ngumi za kulipwa hakuvuka mpaka wa Marekani. Kosa si lake kwamba fedha zilikuwa kwao. Lakini mimi shabiki wa Toto African, timu ya soka ya hapa Mwanza, nimeona vya kutosha kujua kwamba pointi tatu za ugenini si sawa na za Kirumba.

Hoja dhidi yangu zipo, na nyingine zinauma. Joshua alikuwa ameshapigwa na Andy Ruiz kabla. Fury alikuwa ametoka kuangushwa na Ngannou, mtu aliyekuwa anapigana ngumi kwa mara ya kwanza. Riyadh na Jeddah kule Saudi Arabia, alikompiga Fury na kurudiana na Joshua, si kwa Fury wala kwa Joshua, ni kwa wenye fedha. Na ile ngumi ya Dubois iliyomwangusha Usyk mwaka 2023 huko Wroclaw, Poland, ambayo refa alisema ni chini ya mkanda wa kiunoni, mimi nimeirudia mara nyingi na bado sina uhakika. Halafu kuna Terence Crawford, aliyekusanya mikanda yote katika uzito tatu, wa mwisho Septemba 2025 alipopanda mpaka kilo 76 kumfuata Canelo. Anayemweka Crawford juu ya Usyk sitamgombeza. Anayemweka Mayweather juu ya wote kwa sababu ya sifuri, naye tutakaa kikao.

Mwezi uliopita nilimpelekea mzee wa dagaa jina la Usyk. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa, akauliza: "Sasa mwanangu, huyo Usyk wako angekuja hapa uwanja wa Kirumba apigane na kijana wetu, majaji wote watatu wa kwetu, angetoka na ushindi?"

Nikamwambia angetoka, ila kwa KO, maana kwa pointi asingeuona.

Kijana wa bodaboda akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Basi mzee, mpe huyo ubingwa tukafanye kazi." Mzee hakumpa. Aliagiza kikombe kingine, akaanza upya kutoka Thailand 1998.