Dalali wa nyumba: wako, wa muuzaji, au usiwe naye kabisa?

Watu wengi wakitafuta nyumba ya kununua wanapekua picha wiki nzima, wanapima jiko kwa macho, wanauliza habari za maji, afu dalali wanamchukua yule yule aliyepokea simu ya kwanza. Yani mtu atakayekaa katikati ya pesa kubwa pengine kuliko zote utakazowahi kutoa ndo hujamchagua, amekuangukia tu. Sisemi madalali ni wabaya, nimeona wazuri sana, nachosema ni kwamba wengi wetu hatuulizi swali la kwanza kabisa: huyu anafanya kazi ya nani?

Maana dalali aliyetangaza nyumba kwa kawaida ni wa muuzaji. Atakuchangamkia, atakufungulia kila mlango, lakini kazi aliyopewa ni kuiuza ile nyumba kwa bei inayompendeza mwenye nyumba. Kwa hiyo ukimwambia "bajeti yangu ni hii ila nikibanwa naweza kuongeza kidogo", tayari umeongea na upande wa pili, na hicho kidogo ulichokitaja kihesabu kimeshaondoka.

Wapo wanaosema basi bora usiwe na dalali, intaneti ipo, matangazo unayaona mwenyewe, ya nini kumlipa mtu? Hoja hii ina nguvu kuliko zamani, sibishi. Zamani kujua nyumba ipi inauzwa ndo ilikuwa mtaji wa dalali, siku hizi sehemu kubwa ya siri hiyo imekwisha. Ila kuiona nyumba ni kitu kimoja na kujua thamani yake ni kitu kingine. Bei ya kwenye tangazo ni matamanio ya muuzaji tu, sasa nani anajua ya jirani iliuzwa kwa ngapi kweli, na kwamba hii imekaa sokoni miezi mitano na wateja wawili walishaikimbia? Ni mtu anayeshinda kwenye hiyo kazi kila siku. Taarifa moja kama hiyo inaweza kurudisha kamisheni yake yote. Kama unalijua eneo vizuri, muuzaji unamfahamu na una wakili wa kukagua hati, sawa, mruke dalali. Wakili usimruke.

Sasa tuseme umepata wa kwako. Hapo bado hujapona, na hapa nataka tukae kidogo. Akilipwa kwa asilimia ya bei, tuseme 3, kila 100 unayookoa wewe yeye inampunguzia 3. Hasara yake kwenye kukushushia bei ni ndogo, wala haimuumi, kinachomuuma ni dili kuvunjika, kwa sababu dili likivunjika hapati kitu na wikiendi zote alizozunguka na wewe zimepotea bure. Kwa hiyo mimi naogopa zaidi dalali mwenye haraka kuliko dalali anayetaka bei kubwa. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichapisha utafiti 2008 wa nyumba karibu laki moja zilizouzwa maeneo ya Chicago, wakakuta madalali wakiuza nyumba zao wenyewe wanaziacha sokoni siku 9 na nusu zaidi na wanapata bei ya juu kwa kama asilimia 3.7 ukilinganisha na nyumba za wateja wao. Wale ni madalali wa wauzaji, lakini somo linamgusa mnunuzi pia: subira wanaijua, ila ya mteja inawagharimu muda wao.

Anayekula pande zote mbili je? Wanaomtetea wanasema mambo yanaenda faster, simu moja imeisha, na ni kweli makaratasi hayazunguki. Lakini mtu mmoja hawezi kumpigania muuzaji bei ipande na akakupigania wewe ishuke, atakachobaki nacho ni kufikisha salamu. Mimi singekubali, labda kama bei tumeshaelewana na nimebakiza hati tu.

Mzoefu au mgeni, hilo watu wanabishana sana na mimi naona lina uzito mdogo. Mzoefu anajua mengi ila unaweza ukawa mteja wake wa kumi na tano wiki hiyo, mgeni ana muda na njaa ya kazi ila anaweza asigundue tatizo mpaka mmeshasaini.

Cha kumpimia ni hiki: mkienda kuona nyumba ya pili au ya tatu, muulize kama angekuwa yeye asingeinunua kwa nini. Akikuonyesha ufa, unyevu kwenye ukuta, au akasema hii bei imezidi, mshike huyo. Kama kila nyumba ni nzuri na kila siku kuna mteja mwingine anakuja kesho asubuhi, aga taratibu. Na mkaguzi wa nyumba mtafute mwenyewe, asiwe rafiki yake dalali.

Halafu muandikishane mapema. Marekani tangu Agosti 2024 madalali wengi wanatakiwa wawe na makubaliano ya maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza kwenye nyumba, na malipo yatajwe humo. Hata unapoishi kama hakuna sharti hilo we omba, ila angalia sana kipengele cha muda, usijifunge mwaka mzima na mtu uliyekutana naye jana, miezi miwili mitatu inatosha, mkielewana mnaongeza.