Adui Wenu Mlilieni Wenyewe

Hivi ni nani aliyeamuru kila adui wa filamu ya kutisha apewe utoto wa machozi? Juzi nimevumilia nyingine: jamaa kachinja familia nzima, halafu mwishoni tunarudishwa akiwa mdogo, baba anamchapa, kinanda kinalia. Eti na sisi tulie. Nilizima.

Filamu ya Halloween ya 1978 haikutubembeleza. Mtoto wa miaka sita anashika kisu, anamuua dada yake, basi. Ilipotengenezwa upya 2007 wakamjazia mtoto huyo, Michael Myers, matatizo ya nyumbani, akabaki kesi ya ustawi wa jamii.

Ila kuua peke yake hakumfanyi mtu achukiwe. Papa wa baharini anaua. Zombi wanaua. Freddy Krueger wa A Nightmare on Elm Street, muuaji wa watoto, kadiri filamu zilivyoongezeka aligeuka mchekeshaji, na watu wakamshangilia! Wa kuchukiwa ni yule aliyefunguliwa mlango wa kutokea, akauona, akaubamiza kwa makusudi.

Mtazameni Bi Carmody wa The Mist (2007). Nje kuna ukungu na madude yanayokula watu, ndani ya supamaketi kuna yeye na mahubiri yake, na mimi madude nimeyasahau kabisa. Hashiki kisu. Anangoja watu waogope vya kutosha. Mwanzo wanamwona kichaa. Baadaye wamemzunguka wakiitikia, askari kijana anachomwa kisu na kutupwa nje kama kafara, na mama huyo bado hajashiba: sasa anataka mtoto. Mtoto! Na msiniambie hakuonyeshwa ubinadamu. Mapema tu tunamkuta chooni peke yake, analia, anamwomba Mungu, tena kwa dhati. Mwanamke mwenzake anaingia, anamwambia kwa upole kwamba akihitaji rafiki, yupo. Anamjibu kwa matusi. Kwangu alikwisha hapo hapo, kabla hata hajamdhuru mtu. Ollie, mfanyakazi wa supamaketi hiyo, alipompiga risasi nilipiga makofi, na mimi si mtu wa kushangilia bunduki.

Rose wa Get Out, aliyemleta mpenzi wake kwenye mtego wa familia yake? Mpenzi anataka kukimbia, yeye anapekua mkoba akijifanya anatafuta funguo za gari ambazo anazo. Sina la kuongeza.

Haya, Annie Wilkes wa Misery, shabiki aliyemfungia nyumbani kwake mwandishi anayempenda, ananisumbua. Nakubali, shingo upande, kwamba Kathy Bates, aliyemwigiza, hakupewa Oscar ya bure: kuna pale mvua inanyesha, mwanamke yule amelemewa na huzuni, nikaanza kumwonea huruma. Haikupita muda akashika nyundo, akamvunja mwandishi wake vifundo vya miguu, kisha akamwambia anampenda.