Ruhusa katika majaribio ya programu za simu: zitolewe mapema au zisubiriwe?

Tangu Android 6.0 ilipotoka mwaka 2015, programu haipewi tena ruhusa zote nyeti kwa mkupuo inaposakinishwa, bali huomba kamera, maikrofoni au mahali alipo mtumiaji pale inapovihitaji. Kwa anayeandika majaribio ya kiotomatiki, ugumu uko katika dirisha la ombi lenyewe, ambalo ni mali ya mfumo endeshi wala si ya programu inayojaribiwa. Espresso, zana ya majaribio ya Android inayofanya kazi ndani ya programu tu, haiwezi kulibonyeza, na jaribio hukwama hapo.

Njia inayopendwa ni kutoa ruhusa kabla dirisha halijatokea: kwa GrantPermissionRule (kanuni inayowekwa kwenye msimbo wa jaribio), kwa amri ya pm grant kupitia adb (zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta), au kwa mpangilio wa autoGrantPermissions kwa wanaotumia Appium, zana ya kujaribu programu za Android na iPhone. Wanaoitetea wana hoja nzito. Jaribio linalokagua kama picha imepakiwa ipasavyo halina sababu ya kuanguka kutokana na dirisha ambalo timu haikuliandika na ambalo hubadilika kila mara. Android 11 ilileta ruhusa ya mara moja, Android 13 ikaanza kuomba ruhusa hata ya arifa, na jaribio linalotafuta kitufe kwa maandishi yake huvunjika pia simu inapowekwa lugha nyingine.

Hata hivyo, njia hiyo humjaribu mtumiaji wa aina moja tu, yule anayekubali kila kitu, ilhali programu nyingi huharibikia kwa anayekataa. Tangu Android 11, mtu akikataa ruhusa ileile mara mbili, mfumo hauonyeshi dirisha tena, na programu isiyolizingatia hilo hubaki na kitufe kisichofanya lolote. Isitoshe, GrantPermissionRule hutoa ruhusa lakini haiziondoi, na amri ya pm revoke, inayoziondoa, huua mchakato wa programu pamoja na jaribio linaloendeshwa ndani yake. Kwa hiyo jaribio la kukataa likifuata lile la kukubali, linaweza kukuta ruhusa tayari imo, likapita bila kupima chochote. Android Test Orchestrator, zana inayoendesha kila jaribio peke yake, ikiwekewa mpangilio wa clearPackageData hufuta hali hiyo kati ya jaribio na jaribio, ila kazi nzima huchukua muda mrefu zaidi.

Wapo wanaoficha ukaguzi wa ruhusa nyuma ya kiolesura cha msimbo (interface) na kuweka jibu bandia wakati wa jaribio. Ni haraka na hufaa kupima mantiki, lakini jibu bandia haliwezi kugundua kwamba ruhusa ilisahauliwa kutangazwa kwenye manifesti, faili inayoorodhesha ruhusa ambazo programu itaomba.

Kwa maoni yangu, majaribio mengi yapewe ruhusa mapema, na machache yakutane na dirisha halisi kupitia UI Automator, zana inayoweza kubonyeza hata madirisha ya mfumo: kukubali, kukataa, kukataa tena. Programu ya ramani itahitaji zaidi ya hayo, kwa kuwa mahali ndiyo kazi yake yote. Ninachokipinga waziwazi ni mazoea ya kuwasha autoAcceptAlerts ya Appium kwenye iPhone kwa majaribio yote, kwa sababu hukubali kila tahadhari inayojitokeza, likiwemo onyo la hitilafu ambalo jaribio lilipaswa kulikamata.